Safari ya Kwanza Tusiyokimbia

Jumapili, wiki ya mwisho ya Agosti. Bellevue, Johannesburg.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule mkavu wa mwisho wa baridi unaochota vumbi la machimboni na kulimwaga kwenye kamba za nguo za watu. Mashuka niliyofua jana yamegeuka rangi ya udongo. Siku nyingine ningenuna mpaka jioni. Leo nimeyaanua nikiimba, na jirani wa chumba cha nyuma amechungulia dirishani kuhakikisha ni mimi.

Nina furaha ambayo haikai kitini. Nimechemsha chai, nimeisahau, nimeichemsha tena. Afadhali niiandike.

Lakini nianze mwanzo, na huko mwanzo sina sifa nzuri.

Wiki tatu zilizopita nilimsuka mteja mmoja pale saluni, Rosettenville. Alitaka rasta nyembamba za kufika kiunoni, kwa hiyo tulikaa pamoja karibu saa sita. Alikuwa ametoka likizo na alikuwa na picha nyingi kwenye simu. Akanionyesha Namaqualand, kule juu magharibi, karibu na mpaka wa Namibia. Jangwa. Mawe na mchanga mwaka mzima, akasema, halafu mvua kidogo ya baridi ikinyesha, ardhi yote inafunikwa maua ya rangi ya chungwa kwa wiki chache, kisha yanakauka na kupotea. Alikwenda huko kwa gari na dada zake, wakapita milima kwanza, kisha pwani, kisha wakakunja kuingia jangwani. Nilisimamisha mikono katikati ya kichwa chake nikiangalia ile picha. Akadhani nimechoka.

Nimeishi nchi hii miaka ishirini na moja. Najua maduka ya jumla ya nywele, najua kliniki, najua kanisa, najua kila robot mbovu kati ya Bellevue na Rosettenville, maana nazo taa za barabarani huku zinaitwa hivyo na zinaharibika kila mvua ikinyesha. Sijawahi kuona bahari. Nchi inapakana na bahari mbili, na mimi sijaona hata moja.

Siku hiyohiyo nilipita kituo cha mafuta nikanunua ramani ya karatasi.

Niliyemwambia kwanza ni binti yangu, Neema. Ana miaka kumi na tisa, anasoma chuo, amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na mimi nimezoea, naongea huku, anajibu kule, tunaelewana. Alipoiona ramani alipiga magoti sakafuni akaitandaza na kuanza kuandika kwenye daftari. Kutoka hapa kushuka Free State, kisha milima ya Drakensberg, kisha Durban. Kutoka Durban kuifuata pwani ya Eastern Cape mpaka Cape Town. Halafu kupanda kaskazini kwenye maua, kukata jangwa la Kalahari, na kurudi nyumbani kupitia North West. Majimbo saba. Siku kumi na sita, likizo yake ya Septemba. Yule mteja alikuwa amenionya kwamba tukifika huko mwishoni mwa Septemba tutakuta maua ya mwisho mwisho. Neema akasema hata ua moja linatosha.

Gari lipo, kile kigari cheupe ninachobebea maboksi ya nywele. Leseni ninayo mwaka wa pili sasa.

Tulipanga wiki tatu. Jioni baada ya kazi, Jumamosi kati ya mteja na mteja, kwa kunong'ona kama wezi. Nilipiga simu hata kwa mama mmoja mwenye vijumba vya wageni chini ya milima. Akaniuliza tutakuwa wangapi.

Nikasema wawili.

Hapo ndipo pa kuungama. Mume wangu, Baba Neema, sikumhesabu. Sikumuuliza akakataa. Sikumuuliza kabisa.

Niliona nina sababu. Baba Neema ni mlinzi kwenye maegesho ya duka kubwa, mtu mpole, mcheshi, anayejulikana na nusu ya mtaa. Lakini hasafiri. Tangu aingie Johannesburg hajawahi kutoka jimbo hili la Gauteng. Kanisa limekwenda Durban mara tatu kwenye mikutano, na mara zote tatu aliandikisha jina, akapiga pasi shati, kisha asubuhi ya safari akapata tumbo au akapata zamu. Mara ya tatu mchungaji aliacha kumuuliza, na mimi pia niliacha. Nilijua alikuja kutoka Bukavu kwa lori. Zaidi ya hapo nilijua kwamba hataki kulizungumza, basi nikaliacha likae, miaka ishirini, kama sanduku la mtu mwingine lililowekwa kwetu.

Ijumaa mteja alinipigia amefika mapema, nikatoka mbio. Ramani niliiacha imetandazwa mezani. Daftari la Neema lilikuwa juu yake.

Niliporudi nilikuta ramani imekunjwa vizuri, kwa mistari yake yenyewe, na daftari limewekwa juu. Baba Neema alikuwa anamenya viazi. Akanisalimu, akauliza habari za kazi. Tulikula. Alisema chakula kizuri. Jumamosi ikapita hivyohivyo, akienda na kurudi kazini kwa adabu kubwa, adabu ya mgeni. Neema alinitumia ujumbe kutoka chumba cha pili kuniuliza kama baba anajua. Nikamjibu kwamba anajua, ila sijui anajua nini.

Leo tulitoka kanisani saa sita. Tulikuwa bado na nguo za kanisani, sisi watatu jikoni, nikipasha wali. Akavuta kiti, akaliweka lile daftari mezani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa pameandikwa watu wawili," akasema. "Nimelisoma lote. Sioni mahali nilipo."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi kuhusu hatari za barabarani, kuhusu gari kuukuu, kuhusu polisi na karatasi zetu. Hotuba yangu ilikuwa tayari. Kumbe yeye siku mbili zote alikuwa anadhani tunamwacha. Alidhani nimekusanya mtoto na gari na ninaondoka.

Nilimwambia ukweli wote. Nilimwambia niliogopa angekubali, halafu asubuhi ya safari angeumwa tumbo, na Neema angeshusha begi lake garini. Sikutaka kuuona uso wa Neema siku hiyo. Nikamwomba msamaha. Wali ukaungua kidogo chini.

Aliinuka akazima jiko. Halafu, huku akimwangalia Neema badala yangu, akaanza kusimulia.

Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kutoka Bukavu alishuka Uvira, akavuka Burundi, akaingia Tanzania, na huko akapata nafasi kwenye lori la vitunguu. Walikuwa watu saba. Dereva aliwapanga katikati ya magunia, akafunika turubai, akakaza kamba kutoka nje. Waliruhusiwa kushuka gizani tu. Mchana alijua kuna mji kwa sababu ya kelele, alijua kuna mlima kwa sababu magunia yalimlalia kifuani. Malawi ina ziwa kubwa, akasema, alilisikia likipiga kando ya barabara karibu mchana mzima. Hakuliona. Msumbiji ilikuwa joto na harufu. Mwenzao mmoja alikuwa akihesabu kona kwa sauti ili asipoteze akili, na walipomwambia anyamaze alilia.

"Nimevuka nchi tatu chini ya turubai," akasema, "na sikuona hata moja. Nikipanda gari la safari ndefu, hata basi lenye vioo, nikifunga tu mkanda narudi pale chini. Sio kwamba sitaki kwenda."

Nimeolewa na mtu huyu miaka ishirini. Kila Krismasi nimekasirika akisogeza kachumbari pembeni ya sahani, nikamwambia anachagua chakula kama mtoto.

Nilisikia upepo ukitikisa mabati ya jirani. Halafu Neema akasema, polepole, akitafuta kila neno:

"Baba, wewe utakaa mbele."

Kwa Kiswahili.

Sikumbuki mara ya mwisho alipomwambia baba yake sentensi nzima kwa Kiswahili. Labda alikuwa na miaka minne. Baba Neema aliangalia meza, akapangusa uso kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayefuta jasho. Kisha akauliza gari lina mafuta kiasi gani.

Nilidhani anabadilisha mazungumzo. Kumbe anauliza.

Wazo lilikuwa lake, naliandika hapa ili kesho asije akasema ni langu. Alisema hawezi kuahidi siku kumi na sita mezani jikoni. Lakini mchana ulikuwa bado mrefu, na kwenye ramani aliona kwamba mto Vaal ndio mpaka wa Free State, na mji wa Villiers uko ng'ambo yake, mwendo wa saa moja na nusu. Twende tuvuke mto turudi kabla ya jua kuzama. Akishindwa, tutajua leo. Akishindwa, mimi na Neema tutaendelea na safari yetu ya watu wawili na yeye atatupungia mkono bila kinyongo.

Tulikula wali ulioungua, tukaondoka saa saba, bado na nguo za kanisani.

Sasa niseme na yangu, maana sikuwa shujaa. Leseni ya mwaka wa pili ni leseni ya mjini. Sijawahi kuendesha barabara kuu iendayo kusini, ambako malori yanapita kama nyumba zilizokasirika. Nilishika usukani kwa mikono miwili bila kuuachia. Neema nyuma alikuwa na ramani magotini ingawa simu ilikuwa inatuelekeza. Baba Neema alikaa mbele, mkanda umefungwa, kioo amekishusha chote licha ya vumbi, na mapajani amebeba bahasha ya kaki yenye vibali vyetu vyote, vyake, vyangu, na cheti cha kuzaliwa cha Neema.

Dakika ishirini za kwanza alitazama viatu vyake. Nilikuwa natafuta mahali pa kugeuza.

Tulipopita Heidelberg, mbele yetu kulikuwa na lori lenye turubai la kijani, limekazwa kamba pande zote, linapanda kilima taratibu. Nikapunguza mwendo. Sikujua la kufanya. Kulipita ilikuwa lazima nitoke upande wa kulia kwenye magari ya kasi, na kubaki nyuma yake ilikuwa kumwachia alitazame mpaka Villiers. Nilimsikia akipumua. Neema aliinama mbele akaweka mkono begani mwake.

"Lipite, Mama Neema," Baba Neema akasema.

Nikawasha taa ya pembeni, nikaomba, nikalipita. Lilikuwa refu kuliko nilivyodhani. Tulipolimaliza, barabara yote mbele ilikuwa wazi, nyasi za manjano huku na huku, sehemu nyingine zimeungua zikawa nyeusi, ng'ombe, mashamba ya mahindi yaliyovunwa, na mbingu kubwa ambayo Johannesburg hatuna nafasi ya kuitandaza.

Baada ya hapo akaanza kusoma mabango.

Yote. Jina la kila shamba, kila onyo la ng'ombe, kila kilomita. Alisoma kwa sauti kama mtoto aliyejua kusoma jana. Kila baada ya dakika kumi aliuliza, "Hii bado Gauteng?" na Neema anamjibu bado, na yeye anatikisa kichwa kana kwamba Gauteng imemshangaza kwa ukubwa.

Kwenye kituo cha ushuru wa barabara akanyooka kitini, akafungua bahasha, akatoa karatasi zote na kuzipanga kwa mpangilio. Nilimwona nikashindwa kumwambia kwamba hazihitajiki. Dada aliyekuwa kwenye kidirisha alipokea malipo yangu, akaona zile karatasi zimenyooshwa kuelekea kwake kupitia mbele yangu, akaona na tai ya kanisani. Akatabasamu akatutakia safari njema. Kizuizi kikainuka.

"Ni hivyo tu?" Baba Neema akaniuliza.

Ni hivyo tu, nikamwambia. Alirudisha karatasi ndani ya bahasha moja moja, na bahasha akaitia kwenye droo ya gari. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akatuambukiza, na mimi nikalazimika kupunguza mwendo kwa sababu machozi yalikuwa yananiziba macho.

Mto Vaal hauna makuu, kusema kweli. Maji ya kahawia, miti ya kando bado haijachipua vizuri, daraja la kawaida. Tulilivuka kwa sekunde chache na Neema akapiga kelele nyuma kwamba tayari, ni Free State. Tukaingia Villiers, tukasimama kituo cha mafuta. Tulinunua magwinya, yale mandazi ya huku, bado ya moto, tukala tumesimama tukiegemea gari, upepo ukinipeperushia kitenge. Mhudumu wa pampu aliuliza tunaelekea wapi tukiwa tumependeza hivyo, harusini au msibani.

Baba Neema alimjibu kwa Kizulu chake cha maegeshoni, na yule kijana akacheka. Nilimuuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia hatuendi popote," akasema. "Tumekuja kuona."

Alisimama pale muda mrefu akiangalia kusini, ambako barabara inaendelea kuelekea milimani. Kisha akaomba kalamu.

Kwenye boneti ya gari, ramani imeshikiliwa na viwiko vyetu sita isipeperuke, mpango wetu wa wiki tatu ukabomolewa. Anataka usiku mmoja zaidi milimani, kwa sababu mtu wa Bukavu hawezi kuonyeshwa milima siku mbili halafu akaondolewa. Neema hataki Cape Town ipunguzwe. Baba yake akasema Cape Town ni mji, na mji anao. Walibishana, huyu kwa Kiingereza, huyu kwa Kiswahili na Kifaransa kidogo, mpaka wakakubaliana kupunguza siku kwangu, ile niliyoiweka ya kupumzika bila kufanya lolote. Nimeshindwa kura kwa furaha.

Ana masharti yake pia. Jua likianza kushuka, gari limesimama. Kila mji tunaofika, mchungaji anapigiwa simu. Kioo cha upande wake hakifungwi mpaka baridi imshinde yeye mwenyewe. Na ikitokea asubuhi moja amekwama, tumbo likakataa, hatutamdanganya kwamba ni chakula. Tutakaa tulipo mpaka atakapokuwa tayari. Hilo la mwisho alilisema haraka, akikunja ramani.

Tukarudi. Neema alilala njiani. Baba yake alisoma mabango tena, upande wa pili.

Tulipofika nilipiga simu kwa yule mama wa milimani, nikamwambia tumekuwa watatu. Nilianza kumweleza sababu, akanikatiza kwa upole, akasema godoro lipo.

Sijidanganyi. Villiers si Kalahari. Kuna siku za saa nane garini mbele yetu, kuna barabara za jangwani ambako simu hazishiki, na najua kwamba hofu ya miaka zaidi ya ishirini haiishi kwa magwinya. Huenda Alhamisi akaniambia hawezi. Nikifikiria hivyo naogopa kidogo. Lakini hata akiniambia hivyo, ataniambia mimi, kwa mdomo wake, na mimi nitamuuliza kabla ya kuamua. Hilo najiandikia hapa kwa kalamu isiyofutika.

Sasa hivi wako chumba cha pili, mwanga wa jioni bado uko dirishani. Neema anamwonyesha picha za maua na kumuuliza majina ya vitu kwa Kiswahili, jangwa, mchanga, wimbi, na yeye anasahihisha matamshi yake kwa ukali wa mwalimu wa shule ya msingi. Muda mfupi uliopita Baba Neema aliniita kutoka huko ndani akaniuliza kama ni kweli bahari ina harufu, na harufu yenyewe ni ya namna gani.

Nina miaka arobaini na minne, nikamjibu kwamba hata mimi sijui, na sielewi kwa nini jambo hilo limenifurahisha kiasi hiki.

Zimebaki siku kumi na tisa. Kesho, kabla ya mteja wa kwanza, nalipeleka gari likaangaliwe breki.